Kobe Waliopanda Ukuta wa Kaka

Nyumbani
Jumatatu, 4 Agosti

Kaka Fundi,

Salamu za Baba kwanza, maana amekaa hapa kibarazani anasikiliza kalamu inavyokwaruza, na asiposikia salamu zake mwanzoni atanifanya nianze upya. Anasema hajambo. Presha imetulia. Macho ni yale yale: anaona mwanga, anaona kuna mtu amesimama, lakini ni nani hajui mpaka huyo mtu aseme neno.

Anasema kobe nao hawajambo. Hapo mimi na yeye hatuelewani.

Kaka, yule kobe Mkaguzi anapanda. Unakumbuka ulivyouacha ukuta wa chumba chako huko nyuma. Hukuukata wima, uliushusha ngazi ngazi, kila mstari wa matofali ukiwa mfupi nusu tofali kuliko ulio chini yake, ili ukirudi uungie hapo matofali mapya pasitokee ufa. Ndivyo Baba alivyokufundisha na ndivyo mafundi wanavyofanya, sibishi. Lakini ukawazungushia kobe uzio kwenye kona hiyo hiyo, ukasema ni kwa wiki mbili tu, ukaondoka kwenda kujenga bwawa. Wiki mbili zako zimetimiza miaka miwili.

Sasa kila asubuhi Mkaguzi anazunguka uzio mzima kama kawaida yake, anachungulia kila kona utadhani ametumwa na ofisi ya majengo, halafu anaanza ngazi. Tofali la kwanza, la pili, anapumzika, la tatu. Akifika juu, kimo cha kiuno changu, anatazama mbele. Kurudi kinyumenyume hajui, kwa hiyo anaendelea mbele, na mbele hakuna kitu. Alhamisi nimerudi kutoka kituo cha afya saa nane mchana nimemkuta chali, miguu juu, jua linampiga tumboni. Ningechelewa nusu saa angeivia ndani ya gamba lake mwenyewe. Wiki hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Nimemwomba Baba aniruhusu nitafute mtu aondoe hizo ngazi. Amekataa katakata. Anasema ukuta una mwenyewe.

Nisaidie.

Mdogo wako,
Nesi

(Karatasi ndogo. Kubwa namsomea Baba kabla ya kufunga bahasha, kama siku zote. Hii ni yako peke yako.)

Kaka, nimepata nafasi ya masomo ya ukunga. Nimeomba miaka sita, safari hii wamenikubali. Ni mwaka mzima, na ni kukaa bweni. Natakiwa kuripoti Jumatatu tarehe 3 Novemba, na asiyefika siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Baba sijamwambia. Nikimwambia atanifukuza niende leo leo, na wewe unajua hawezi kuishi peke yake. Kidonge cha asubuhi na cha jioni hawezi kuvitofautisha.

Ulisema Oktoba ikiisha utakuwa umerudi nyumbani. Nipe tarehe. Sikuombi kingine.


Bwawani
14 Agosti

Baba mpendwa, na wewe Nesi,

Barua imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la saruji. Huku bondeni mtandao bado ni ndoto, kwa hiyo tuendelee hivi hivi. Mimi mzima. Kazi ni nyingi, zege halisubiri mtu.

Nimecheka sana habari za Mkaguzi. Nesi, kobe kupanda si ugonjwa. Ni tabia yao. Ukimnyima kitu cha kupanda atapanda usichotaka. Kwa hiyo fanya hivi: tafuta mawe bapa, mapana, yasiyozidi kimo cha kiganja. Yapange katikati ya uzio, mbali na ukuta, chini yake tandaza mchanga laini. Weka na gogo moja la kulalia. Atajishughulisha na hayo, ngazi atazisahau. Upande wa jua kali wajengee kibanda, paa la bati si zuri, weka nyasi.

Ngazi msiziguse. Fundi mwingine akiingiza patasi pale atanitikisia ukuta mzima. Chumba kinakuja.

Kaka yako,
Fundi

(Karatasi ndogo)

Hongera sana, mdogo wangu. Nimefurahi mno. Habari ya tarehe tutaizungumza.


Nyumbani
27 Agosti

Kaka Fundi,

Baba anakusalimu na anasema umeeleza vizuri, hasa hapo kwenye nyasi.

Mimi nimefanya kama ulivyoagiza. Jumamosi nzima, siku yangu ya kupumzika, nimebeba mawe bapa kutoka mtoni kwa ndoo. Mchanga laini nimetandaza. Gogo nimeviringisha mwenyewe na mgongo umenijibu. Kibanda kina nyasi kuliko kitanda changu.

Matokeo ni haya. Mkaguzi hakuyatazama mawe. Aliyapita kama mtu anayepita ofisi isiyomhusu, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi. Aliyeyapenda mawe ni Shangazi. Yule mtulivu, ambaye tangu Baba awaokote akichimba msingi miaka thelathini iliyopita hajawahi kuinua mguu juu ya kokoto. Siku tatu alifanya mazoezi kwenye mawe yako. Siku ya nne alimfuata mwenzake ukutani. Sasa nina kobe wawili wapandaji, na kwa huyo wa pili mwalimu ni wewe.

Jana walikutana kwenye tofali la tano, mmoja anataka kupanda, mwingine amebadili mawazo na hajui kugeuka. Wakasukumana. Waliangukiana. Shangazi ana ufa mdogo ukingoni mwa gamba, nimempaka dawa ya vidonda na Baba amekaa naye mapajani jioni yote bila kula.

Nilimwuliza tena Baba habari ya kuondoa ngazi. Akasema, "Fundi amekataza."

Mdogo wako,
Nesi

(Karatasi ndogo)

"Tutaizungumza" si tarehe, Kaka. Nimetazama kalenda ya kituo, ile yenye picha ya chanjo, hakuna siku inayoitwa hivyo. Chuo wanataka nithibitishe kwa maandishi kabla ya tarehe 20 Septemba. Nikithibitisha halafu nisifike, jina langu halirudi kwenye orodha yao maisha. Msimamizi wangu amenipa ruhusa kwa shingo upande, na ametafuta wa kushika zamu zangu. Kila mtu ameshasema neno lake isipokuwa wewe.

Acha kunipiga danadana. Oktoba ngapi?


Bwawani
8 Septemba

Baba mpendwa, na Nesi,

Poleni kwa Shangazi. Ufa mdogo hautamdhuru, gamba linajiunga taratibu, msimwogeshe tu mpaka pakauke.

Nesi, kosa ni kwamba uliweka mawe bila kufunika ngazi. Chukua ubao, ule mrefu uliokuwa wa jukwaa, uko nyuma ya tangi. Uegemeze juu ya ngazi kutoka chini mpaka juu, upande uliopigwa randa uangalie kobe. Ubao laini kucha zake hazishiki. Uzuie chini kwa jiwe. Hata mimi uzio wa mbuzi huku nyuma ya nyumba niliufanyia hivyo hivyo na hakuna anayetoka.

Baba, nimesikia umekaa bila kula kwa sababu ya kobe. Usifanye hivyo.

Kaka yako,
Fundi

(Karatasi ndogo)

Wewe thibitisha tu. Mambo yatajipanga. Likizo iko mikononi mwa msimamizi wa kazi, naye haeleweki. Usiwe na wasiwasi, lini nimewahi kukuangusha?


Nyumbani
22 Septemba

Kaka Fundi,

Salamu za Baba. Anasema ubao ulikuwa wazo zuri.

Ulikuwa wazo zuri kwa siku nne. Siku ya tano Mkaguzi aligundua kwamba pembeni mwa ubao kuna nafasi, akaingia kati ya ubao na ukuta, akawa anapanda ngazi zake kivulini, kwa raha zake, mimi simwoni. Ubao uliondoka mahali pake. Sasa tumeutoa.

Baba hajambo. Amepumzika kidogo wiki hii.

Mdogo wako,
Nesi

(Karatasi ndogo)

Hayo ya "amepumzika" ni yeye aliyeniamuru niandike. Ukweli ni huu. Jumanne alisikia ubao ukianguka. Mimi nilikuwa kazini, nachanja watoto. Akaenda mwenyewe nyuma, akipapasa ukuta, ili amshushe Mkaguzi. Alimfikia. Akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja, akakanyaga moja ya yale mawe bapa. Aliona bora aangukie mgongo kuliko kumwachia kobe. Ana nyuzi tatu kwenye kisogo, nimezishona mwenyewe, na kiwiko kimevimba mpaka leo. Jirani ndiye aliyemwokota. Baba aliniapisha nisikwambie ili usiache kazi ukakimbia.

Kaka, mawe yalikuwa yako, ubao ulikuwa wako, ngazi ni zako. Nimechoka. Nimechoka mpaka wagonjwa wananiuliza nina nini. Nimethibitisha chuoni kwa sababu uliniambia nithibitishe, na zimebaki wiki sita. Kila barua unanieleza kobe analala wapi na anakula nini, na swali langu unaliruka.

Halafu, mbuzi wa nani? Mtu anayelala kambini na vibarua arobaini ana nyumba gani yenye nyuma?

Unakuja au huji? Nijibu kwa neno moja.


Bwawani
5 Oktoba

Baba, Nesi,

Naandika haraka, dereva ananisubiri huku gari linanguruma.

Vunjeni hizo ngazi. Tafuteni fundi yeyote wa hapo mtaani, aondoe matofali yote yaliyojitokeza, aukate ukuta wima kuanzia juu mpaka chini, apige plasta iwe laini kabisa. Kobe hawezi kupanda ukuta laini, na hapatakuwa na mtu wa kuumia tena. Afanye wiki hii hii. Matofali myatumie kwa jambo lingine.

Mawe toeni yote. Samahani kwa mawe.

Kaka yako,
Fundi


Nyumbani
13 Oktoba

Kaka,

Barua hii sitamsomea Baba, kwa hiyo haina kubwa wala ndogo.

Yako niliisoma juzi kibarazani kama kawaida. Sikuona ubaya wowote. Kusema kweli nilifurahi, nikajisemea hatimaye mtu ametumia akili. Nikasoma mpaka mwisho, nikakunja karatasi. Baba akaniomba nirudie pale pa kukata ukuta wima. Nikarudia. Akaniomba nirudie pa plasta. Nikarudia. Akawa anasugua kiwiko, nikadhani kinamuuma.

Halafu akasema, "Basi haji."

Nikamwuliza nani haji. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonea huruma asiye fundi. Ukuta unaotarajia kuungwa huukati wima. Ukiukata wima na ukaupiga plasta umeshaumaliza. Ukitaka chumba hapo baadaye itabidi ubomoe na nyumba. Akasema wewe unalijua hilo tangu una miaka kumi na mbili, kwa sababu ndilo jambo la kwanza alilokufundisha, na kwamba usingeliandika kama chumba bado unacho kichwani.

Nilitaka kukutetea, Kaka, niamini.

Tangu siku hiyo anaamka, anakunywa dawa ninazompa, anaenda nyuma na kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na ukuta. Kobe wanapanda pembeni yake na yeye anawashusha kwa kupapasa, mmoja baada ya mwingine, kutwa nzima. Habari yako haisemi. Ameniuliza tu patasi zake ziko wapi, nikamwambia sijui, na najua.

Nilikuomba neno moja ukaniambia vunjeni ngazi. Nadhani ulidhani unatusaidia. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba huenda kweli ulikuwa unatusaidia.

Nimeandika barua ya kujitoa chuoni. Iko ndani ya mkoba wangu, bado sijaituma. Kila nikifungua mkoba kutafuta funguo naigusa. Sema ukweli, wote, na uuseme sasa.

Nesi


Bwawani
18 Oktoba

Baba yangu, na Nesi mdogo wangu,

Nesi alisema niseme ukweli wote, na mimi nimechoka na karatasi ndogo. Hii ni moja, kubwa, na isomwe yote.

Baba, nisamehe. Mkataba wa bwawa uliisha mwezi wa Machi. Sipo kambini. Nina nyumba, vyumba viwili, nimejenga mwenyewe juu ya kilima upande wa pili. Nina mke. Ni mshonaji, ana heshima, mtampenda. Tuna mtoto wa kike, ametimiza miezi minne juzi. Hapa napata kazi za watu kila siku, wananifahamu, wananiita kwa jina.

Nilitaka kusema tangu mwanzo. Kila nikikaa kuandika naona kibaraza, naona Nesi anasoma kwa sauti, na wewe Baba umetega sikio, nikawa naandika habari za kobe. Nilikuahidi chumba. Ulinipa kiwanja cha nyuma mbele ya watu. Nikawa nasema mwezi ujao, mwezi ujao. Nilipoandika ukuta ukatwe sikufikiria chochote, niliona tu damu ya kichwa chako.

Nesi, nimetafakari sana hali yako. Mtoto bado mdogo kusafiri, na kazi ninayo mpaka Januari. Naomba uyaahirishe hayo masomo ya ukunga mwaka mmoja tu. Mwandikie mkuu wa chuo, eleza una mzazi. Mwaka mmoja si mwingi. Mwakani nitakuwa nimejipanga vizuri, nitakuja kukaa na Baba wewe uende kwa amani.

Mwana wako na kaka yako,
Fundi


Nyumbani
24 Oktoba

Fundi mwanangu,

Naandika mwenyewe kwa penseli nene ya kuwekea alama mbao. Herufi ni kubwa kwa sababu ndogo sizioni. Mistari ikipandana vumilia. Mwalimu wa jirani ameniandikia bahasha. Nesi hajui.

Jana alinisomea karatasi yako. Alisoma vizuri habari ya mke na habari ya mtoto. Alipofika kwenye ukunga akasimama. Nikamwambia endelea. Akasema hapo hapasomeki, mwandiko mbaya. Nikamwambia mwandiko wako naujua, soma. Akasoma mpaka mwaka mmoja si mwingi. Sauti haikutikisika. Halafu akaenda jikoni akawasha moto, na hapakuwa na kitu cha kupika.

Nilimfuata huko, akanieleza yote, mpaka barua ya kujitoa iliyomo mkobani. Miaka sita ameomba. Mimi naishi naye nyumba moja na sikujua. Nilidhani akichelewa kurudi ni wagonjwa wengi, kumbe alikuwa anaenda kuuliza majibu.

Mwaka mmoja ni mwingi. Nina miaka sabini na minane, usinifundishe hesabu ya mwaka.

Kuhusu chumba sikukasirika. Mtu hujenga alipo na kazi. Nina mjukuu, nimefurahi, ingawa nimepewa habari zake ndani ya barua ya kobe. Nimekasirika kwa jambo moja. Ulijua tangu Machi kwamba huji, ukamwacha mdogo wako anabeba mawe.

Na mimi nina langu. Alinisihi mara nyingi niondoe zile ngazi. Nilikataa. Nilisema Fundi amekataza. Uongo. Ningeweza kuziondoa siku yoyote. Kila asubuhi kabla hajaamka nilikuwa naenda kuzipapasa. Zikiwepo, najua unarudi. Kobe wameanguka mara ngapi kwa ajili ya raha yangu hiyo sijui. Mimi nimeanguka mara moja, inanitosha.

Leo nimeukata ukuta. Patasi nilizipata chini ya kitanda chake. Nesi alikuwa kazini. Nilifanya kwa kupapasa, tofali moja moja, kutoka saa mbili mpaka saa tisa. Umesimama wima. Ukija leta pimamaji, upime.

Jioni nilimwomba mkoba wake. Akanipa bila kuuliza. Nilimwambia anitolee barua ya kujitoa, akaitoa. Nimeichana. Nimemwapisha kwa jina la mama yenu kwamba Jumapili tarehe 2 saa nne asubuhi atapanda basi, uwe umefika au hujafika. Alilia. Kisha akanigombeza kwa sababu ya patasi. Akagomba mpaka akachoka. Nilifurahi kumsikia.

Wewe mchukue mkeo na mtoto uje. Kazi za watu zitasubiri. Nikikaa peke yangu siku mbili sitakufa, na nikifa, yeye atakuwa chuoni.

Usinijibu kwa barua.

Baba yako


Nyumbani
Jumapili, 2 Novemba, saa tatu na nusu asubuhi

Kaka,

Naiacha hii mezani chini ya kikombe. Sijui utaisoma leo, wiki ijayo au lini. Jana nimetoka mpaka njia kuu mara nne kuangalia mabasi. Jirani ameniuliza nimepoteza nini.

Dawa. Kidonge cheupe ni asubuhi, baada ya chai, si kabla. Cha njano ni jioni. Nimeviweka kwenye makopo mawili, la asubuhi nimelifunga mpira shingoni ili ajue kwa vidole. Usimruhusu aongeze chumvi, atakwambia nimemruhusu. Ana tarehe ya macho hospitali tarehe 18, kadi iko nyuma ya saa ya ukutani. Kiwiko bado anakisingizia kizima. Jirani atalala hapa mpaka mtu afike, lakini ana watoto wake, usimchoshe.

Kobe wanakula majani asubuhi. Ufa wa Shangazi umefunga. Tangu ukuta ukatwe hakuna aliyeanguka.

Baba amevaa shati lake la kwenda sherehe ili anisindikize mpaka getini tu. Anajifanya ana haraka. Ameshanikumbusha saa mara tano.

Kaka, nakupenda, na umenichosha kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia. Yote mawili ni kweli na sina muda wa kuyapanga. Nilikusubiri miaka miwili. Leo sikusubiri.

Nesi


Nyumbani
Jumanne, 4 Novemba

Nesi mdogo wangu,

Tumefika Jumapili saa tisa alasiri. Barua ya Baba niliipata Alhamisi. Tuliondoka Ijumaa alfajiri, gari likakatika ekseli katikati ya safari, tukalala kwenye duka la mtu na mtoto kifuani. Nilipoingia getini kikombe chako cha chai bado kilikuwa mezani. Wewe ulikuwa umeshaondoka saa tano nzima. Nimekaa chini, pale pale mlangoni, na mzigo mgongoni.

Baba alinipita, akasimama mbele ya mke wangu, akamwomba mtoto. Akampapasa uso, masikio, akahesabu vidole. Halafu akamwambia mke wangu karibu nyumbani, kuna chai. Mimi alinisemesha usiku wake, akaniuliza kama pimamaji nimekuja nayo.

Nimeipima kazi yake. Kutoka juu mpaka chini kiputo hakikutoka katikati. Mimi nina macho mawili na ukuta wangu wa kule kilimani haupo hivyo. Nimemwambia. Akasema anajua.

Kobe nimewapa uzio mwingine upande wa jikoni, chini ya kivuli. Hauna kona kali, hauna mawe. Mkaguzi ameuzunguka mara tatu, ameona hakuna pa kukanyaga, amesimama ananitazama kwa hasira. Leo asubuhi Shangazi alipanda mgongoni mwa Mkaguzi, akaweka miguu ya mbele juu ya uzio. Nimemshusha. Nimegeuka tu, amepanda tena. Nimemshusha mara kumi na moja kabla ya saa sita, nikatupa ndoo ukutani nikajuta; ndoo tu, si kobe. Mke wangu ananicheka. Miaka miwili ulikuwa unayafanya haya baada ya zamu, na mimi nilikuandikia kwamba nimecheka sana. Samahani, Nesi. Naiandika kwenye karatasi kubwa, na Baba anasikiliza.

Kazi za kule nimeziachia mwenzangu. Tutakaa hapa mwaka wote, mpaka umalize. Si mwezi ujao. Nimemwambia Baba hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya jirani.

Nilitaka kumalizia kwa kukuuliza likizo yako ya kwanza ni lini. Baba amenikatiza. Amesema wewe usiulizwe tarehe na mtu yeyote wa nyumba hii. Kwa hiyo sikuulizi. Soma. Sisi tupo.

Kaka yako,
Fundi